Shamba la bei nafuu kwa ajili ya kupiga kambi mwisho wa wiki: Kisarawe, Chalinze au Kinole?

Mwanakambi wa Tabata aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu nimebakiwa na wiki tatu za kutoa jibu na sitaki kutoa fedha kwa pupa.

Sisi ni marafiki wanne tunaofanya kazi Dar es Salaam, kila mmoja ana familia, na kwa miaka minne sasa tumezoea kutoka mjini Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, tukiwa na mahema, sufuria mbili kubwa na watoto wasiokubali kulala mapema. Tumelala hifadhi ya msitu ya Kazimzumbwi, tumelala hifadhi ya Saadani, tumelala hata nyuma ya nyumba ya shemeji yangu kule Lugoba. Tatizo ni kwamba viingilio vikijumlishwa kwa vichwa kumi na vitano vinauma, na kwa shemeji hatuwezi kwenda kila mwezi bila kumchosha mwenyeji. Ndipo likaja wazo la kuchanga na kununua shamba letu la ekari chache, ambalo halitakuwa la kilimo wala la nyumba ya kupangisha. Tunataka mahali pa kuwamba mahema, kuwasha moto na kupanda miti kidogo kidogo. Mfuko wetu una shilingi milioni 8, na gharama za maandishi lazima zitoke humo humo.

Tumeonyeshwa sehemu tatu. Ya kwanza iko wilaya ya Kisarawe, mbele ya Maneromango: ekari nne zenye mikorosho ya zamani na kijito pembeni, na dalali anataka milioni 1.4 kwa ekari. Ya pili iko Chalinze upande wa Miono, ekari tano tambarare, bei yake ni nusu ya hiyo, lakini mti wa kukaa chini yake hakuna na maji yako mbali. Ya tatu iko Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, ekari moja na nusu tu, bei ya juu kuliko zote, ila ukisimama pale asubuhi hutaki kurudi mjini. Mwuzaji wake ni kijana anayesema alirithi kutoka kwa marehemu baba yake.

Nawaombeni mnieleze: nitahakikishaje kwamba anayeuza ndiye mwenye haki ya kuuza, na ninyi mkifika shambani huwa mnatazama nini kwanza?

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwanakambi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi huja hapa wakiwa wameshalipa, na wakati huo ushauri huwa ni wa kumpata wakili.

Jambo la kwanza ni kujua unanunua ardhi ya aina gani. Sheria zetu zinaigawa ardhi katika mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na mashamba yote matatu uliyoyataja, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yana dalili zote za kuwa ardhi ya vijiji. Hiyo inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25, kinachowajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake hawezi kukupitishia mauziano, na mhuri wake juu ya karatasi ya daftari, ambao dalali atakuonyesha kwa fahari, unathibitisha tu kwamba mwenyekiti ana mhuri. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Kwa hiyo usiridhike na saini za mashahidi; omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichojadili mauziano yenu, wenye tarehe, orodha ya wajumbe waliohudhuria na saini zao, kisha uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na kama shamba hilo limepangwa kuwa la kilimo, la malisho au msitu wa kijiji. Ukikuta limo katika malisho, achana nalo hata kama ni zawadi.

Katika vijiji vingi utadaiwa asilimia kumi ya bei kuwa ni ya serikali ya kijiji. Mimi kila nikidaiwa huomba kwa adabu nionyeshwe kifungu, na hadi leo nasubiri. Mchango wa maendeleo unaoeleweka na wenye stakabadhi sina ugomvi nao. Fedha inayowekwa mfukoni mwa shati ndiyo inayonifanya nifunge begi langu.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa maana hapa ndipo watu wa mjini wanapopunjwa huku wakitabasamu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Vijijini hupimwa kwa hatua, sabini kwa sabini, na hesabu hiyo inakaribia sana ekari kamili ikiwa kila hatua ina urefu wa yadi moja, ambayo ni kama sentimita 91. Lakini hatua ya dalali anayeuza si hatua ya dalali anayenunua. Akitembea kwa hatua za sentimita 75, ambazo kwa macho zinaonekana za kawaida kabisa, ekari yake itakuwa na upande wa mita 52 na nusu, yaani mita za mraba 2,756, ambazo ni kama theluthi mbili tu ya ekari unayolipia. Nunua utepe wa mita 50, nenda na mwenzako wa kushika ncha ya pili, na mpime ninyi wenyewe mbele ya majirani wa mipaka, siyo mbele ya dalali peke yake. Majirani hao ndio watakaokuambia kama ule mstari wa minyaa ni mpaka wa kweli au ni wa mwaka jana.

Na kuhusu kijito cha Kisarawe kilichokuvutia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ufuko wa bahari au ziwa. Shamba la ekari nne lenye umbo la mraba lina upande wa mita 127 hivi. Ikiwa upande mmoja mzima unapakana na maji, basi karibu ekari mbili kati ya nne ziko ndani ya mita hizo 60. Hema la siku mbili halitakuletea matatizo, ila choo, banda la kuhifadhia vitu na kisima chenye kuta ni mambo mengine. Kwa hiyo ukijadili bei, jadili ukijua kwamba nusu ya shamba utaitumia kwa kuitazama.

Nimalizie na jambo ambalo watu wa mwisho wa wiki hawalifikirii. Sheria hiyo hiyo ya vijiji inaruhusu ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka mitano au zaidi kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Shamba ambalo linaonekana na watu siku mbili kwa mwezi, lisilo na hata mche mmoja uliopandwa, linaanza kuitwa pori, na pori halichelewi kupata mwenyewe. Pandeni miti ya mpakani mwaka wa kwanza, na mwajirini mtu wa pale pale awe anafyeka.

Bi Mkubwa wa Segerea alijibu:

Mwanangu, mzee hapo juu amekueleza sheria. Mimi nitakueleza yaliyonikuta, kwa kuwa umetaja mikorosho ya zamani na moyo wangu ukashtuka.

Mimi na mashoga zangu wawili tulinunua ekari tatu huko Mkuranga, mwezi wa Agosti, kwa lengo kama lenu. Tuliona mikorosho mikubwa yenye kivuli kizuri, chini kumefagiliwa, tukafurahi kwamba mwuzaji ni mtu msafi. Hatukujiuliza kwa nini mtu afagie chini ya mikorosho ya shamba analouza. Mwezi wa Novemba tukaenda na wajukuu, tukawamba mahema Ijumaa usiku kwa mwanga wa taa za gari, tukalala. Alfajiri nikasikia majani yakichakurwa karibu na kichwa changu, nikadhani ni mnyama. Nilipofungua zipu nikamkuta bibi mmoja wa rika langu, kanga kiunoni, ameinama anaokota korosho na kuzitenga na mabibo, na kamba ya hema letu imepita katikati ya eneo lake la kuokotea. Alinisalimu vizuri tu, akauliza hali ya watoto, kisha akanieleza kwa upole kwamba tumeuziwa ardhi, lakini mikorosho ni ya marehemu mumewe, aliyeipanda kwa ruhusa ya baba wa aliyetuuzia.

Nilikasirika kwa muda. Baadaye wazee wa pale walinifahamisha kwamba katika desturi za Pwani ardhi na miti yaweza kuwa na wenyewe tofauti, na kila mtu kijijini alijua hivyo isipokuwa sisi, kwa sababu hatukumwuliza mtu yeyote zaidi ya mwuzaji na dalali wake. Mkataba wetu ulisema "shamba pamoja na vilivyomo", maneno yaliyoandikwa na karani mmoja wa mjini ambaye hakuwahi kufika huko. Tuliishia kumlipa bibi yule fidia ya mikorosho sita kati ya kumi na moja, na ile mingine mitano bado ni yake mpaka leo. Tunapokwenda wakati wa msimu tunawamba upande wa pili, penye jua. Mwulizeni mwenye shamba la Kisarawe, mbele ya jirani zake, nani aliyepanda mikorosho ile na nani aliyeokota msimu uliopita.

Jambo la pili ni kati yenu wenyewe. Mwenzetu mmoja alihamishiwa Mwanza mwaka uliofuata akataka fedha yake, nasi hatukuwa tumeandika popote kwamba anayejitoa analipwa nini na kwa muda gani. Tulimlipa kwa miezi kumi na minne huku tukisalimiana kwa shida. Andikeni sasa, wakati bado mnapendana.

Mtoto wa Mgeta alijibu:

Kaka Mwanakambi, mimi ni Mluguru, kwa hiyo nitaliacha la Kisarawe na Miono kwa wanaoyajua, niongee la Kinole.

Kijana anapokuambia amerithi shamba kutoka kwa baba yake, mtu wa Dar anasikia neno la kawaida kabisa. Mzee wa Kiluguru anasikia tatizo. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya jadi ni mali ya ukoo, ule tunaouita lukolo. Baba anaweza kumpa mwanawe sehemu ya kulima, lakini mwana huyo ni wa ukoo wa mama yake, na kwa mila baba akifariki ardhi ile hurudi kwa ukoo wa baba, yaani kwa wapwa na wajomba ambao wewe hujawahi kuwaona. Siku hizi mambo yamechanganyika, kuna ardhi zilizonunuliwa na kuuzwa mara nyingi na wapo waliopata hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yao, hivyo sisemi kwamba kijana huyo ni mwongo. Ninachosema ni kwamba usilipe hata shilingi ya usumbufu kabla hujakaa na wakubwa wa ukoo wa marehemu baba yake, nao wakasaini katika muhtasari wa kijiji. Akianza kusema wajomba wako mbali au wana chuki naye, jibu umeshalipata.

Kuna na jambo la hali ya hewa. Upande wa mashariki wa Uluguru, ambako Kinole iko, hupata mvua nyingi kuliko upande wetu wa Mgeta, na ndiyo sababu ndizi, mananasi na viungo hustawi huko. Uzuri ule ulioukuta asubuhi umeletwa na mvua ambayo haingoji masika. Ekari moja na nusu kwenye mteremko, ukiondoa sehemu ambayo mtu akilala atateremka na godoro lake, huenda ikakupa sehemu bapa ya mahema matatu. Nendeni mwezi wa Aprili kabla ya kuamua, tena kwa gari lenu wenyewe.

Mimi nina wazo ambalo huenda lisikupendeze: kwa nini mnunue? Nina wageni, familia mbili kutoka Dar, ambao kwa mwaka wa tatu sasa wanakodi kipande cha shamba la mama yangu mdogo. Wameandikishana naye kwa mtendaji wa kijiji, wanamlipa kwa mwaka, wamejenga choo kimoja cha shimo kwa gharama zao na yeye anawatunzia madumu na turubai. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwezi Juni 2024 hawaji tena na magari. Wanateremka stesheni, wanapanda usafiri wa kawaida na mizigo yao ya mgongoni. Bei ya shamba wangeilipa mara moja na bado wangehitaji mlinzi. Hivi wanavyofanya, mlinzi ndiye mwenye shamba.

Jirani wa Kajiado alijibu:

Hamjambo, ndugu zetu. Huku Kenya utaratibu ni tofauti, kwa maana ardhi ya kilimo haihamishwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kabla ya hapo tunafanya upekuzi katika masjala ili kuona jina lililo kwenye hati. Sitawachosha na hayo. Niongeze moja tu linalofanana pande zote mbili: ulizeni kuhusu mapito ya wanyama. Hapa Kajiado watu wengi walinunua viwanja vya bei nafuu kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wakazungushia uzio, kisha wakashangaa kwa nini pundamilia na nyumbu wanaubomoa, kumbe walijenga katikati ya njia ambayo wanyama huitumia tangu zamani. Kwa kuwa Miono iko kati ya hifadhi za wanyama za Wami Mbiki na Saadani, ningekuwa ninyi ningewauliza wachungaji, si dalali, ni wanyama gani hupita pale na katika miezi gani. Bei ikiwa nusu ya nyingine, iko sababu, na mara nyingi mchungaji ataitaja bila kuulizwa mara mbili.

Mwanakambi wa Tabata aliandika:

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na asanteni nyote. Nimekaa kimya siku kumi na mbili kwa sababu tulikuwa tunayafanyia kazi maneno yenu.

Miono tumeiacha. Mchungaji wa kwanza tuliyemkuta barabarani, kabla hata hatujashuka garini, alituambia kwamba tembo walikuwa wamepita huko muda si mrefu, na alinyoosha fimbo yake kuelekea shamba lile lile. Kinole nilimpigia kijana simu nikamwomba tukutane pamoja na wajomba wa marehemu. Alisema atanipigia, na hadi leo sijaisikia sauti yake. Mtoto wa Mgeta, nakushukuru sana, tena naona kama unamfahamu.

Kisarawe tulikwenda Jumamosi iliyopita tukiwa na utepe wa mita 50. Dalali alikuwa anacheka tulipoanza kupima, na kicheko kilipungua kila tulipohamisha ncha. Ekari nne zilikuwa ekari mbili na nusu na kidogo. Kijito kilikuwa korongo kavu lenye mchanga, ambalo jirani alisema hujaa kwa siku chache wakati wa masika na kisha kutulia. Nilipouliza swali la Bi Mkubwa kuhusu mikorosho, watu watatu walitazamana, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gogo akasema, "Hiyo ni yangu, na yule pale naye ana minne."

Tulimwacha dalali, tukakaa na huyo mzee. Shamba lake liko mita mia tatu hivi kutoka pale, halina kijito wala dalili ya kijito, lakini lina kisima chenye maji na sehemu bapa chini ya mwembe ambayo mahema manane yanaenea bila kubanana. Hataki kuuza, na alilisema hilo mapema kabla hatujauliza. Amekubali kutukodisha sehemu hiyo kwa shilingi laki tatu kwa mwaka, maandishi yamefanyika kwa mtendaji na nakala ninayo. Masharti yake ni haya: moto usiwashwe nje ya mafiga atakayotujengea yeye mwenyewe, choo tuchimbe upande wa chini wa kisima na tumwonyeshe mahali kabla ya kuanza, na kuanzia Oktoba hadi korosho zitakapokwisha kuokotwa, mtoto yeyote asicheze mpira chini ya mikorosho. Kuhusu choo, Mpimaji Mstaafu, naomba unieleze tukiweke mbali na kisima kwa umbali gani, kwa sababu tunaanza kuchimba Jumamosi ijayo.

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Mita 30 msipungue, na kwa kuwa mchanga wa huko hupitisha maji haraka, mkipata 50 chukueni 50. Utepe mnao.